Kofi la bodi ya bei rahisi

Leo nimempiga mtu kofi mpaka miwani ikaruka.

Ni kaka Shabani, anayeuza vifaa vya elektroniki hapa Niboye. Nilitaka bodi ya bei kali ya kuprogramu, kile kibao cha umeme unachokipa maagizo kwa kompyuta, iendeshe mashine yangu ya kutotolea vifaranga. Akanizuia. "Dada, chukua hii rahisi. Kuwasha taa na feni, inatosha."

Nikaenda nayo nyumbani. Siku tatu kompyuta yangu haikuiona kabisa. Mayai ya mama yakaharibikia kwenye trei ya mashine.

Basi leo nimeingia dukani, hata salamu sikutoa.

Paa!

Damu ikamtoka puani. Nikainua mkono tena.

Yeye akaokota miwani, akachukua bodi niliyokuja nayo, akaichomeka kwenye kompyuta yake kwa waya wake. Taa ya bodi ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima.

"Dada, ulitumia waya gani?"

Nikautoa mkobani.

"Hii iko ya kuchaji simu tu. Haipitishi programu."

Yewe! Nikamtegea shavu, nikafumba macho. Nikangoja.

Nilipofumbua, alikuwa ananifungia waya mpya kwenye gazeti. Gazeti lina tone la damu.

Bodi inafanya kazi vizuri sana. Imebaki kihisi joto, cha kupima joto la mashine, na anayekiuza ni yeye peke yake.

Semeni nyinyi: mle dukani naingiaje?