Mwanamkuu Hakuidhinisha

Mwanamkuu wa Msambweni alikuwa mpole, ila usimwambie apitishe jambo asiloliamini. Kazi yake katika ofisi ya mjombake Abdulrahim, pale Ukunda, ilikuwa kukagua mabadiliko ya programu kabla hayajaingizwa. Siku hizo walikuwa wakitengeneza programu ya kuiga kompyuta kongwe iliyoendesha pampu za maji za hoteli moja ya Galu. Kompyuta yenyewe ilikuwa imekwisha kuliwa na chumvi ya bahari, na vipuri havikupatikana tena.

Asubuhi moja mwenzake, Menza, alileta badiliko la mistari mitatu. Programu ikitafuta kifaa, isilinganishe jina zima. Herufi za mwanzo zikifanana, yatosha. Mwanamkuu akasoma, akarudia, akakataa.

Abdulrahim akatoka chumbani kwake. "Mwanangu, hoteli yatungoja. Majaribio yote yamepita. Wataka nini tena?"

"Majaribio yana pampu tano, mjomba. Galu ziko kumi na mbili, na PAMPU10 imeorodheshwa juu ya PAMPU1. Majina yaanza sawasawa. Utasema wazima ya kwanza, ya bustani, kumbe umezima ya kumi, ya zimamoto."

"Mistari mitatu tu!"

"Sindano nayo ni ndogo, na kuku haimezi."

"Ni mimi niliyekuleta hapa. Idhinisha."

Abdulrahim ndiye aliyemlea tangu babake afariki. Hata hivyo Mwanamkuu hakuyainamisha macho.

"Fadhila zako sizisahau, mjomba, na heshima yako iko pale pale. Lakini jina langu siliweki hapo. Ukitaka, weka lako."

"Basi toka katika kazi hii!"

"Nimetoka. Kukataa kwangu sikufuti."

Akachukua mkoba, akaenda zake.

Menza akaongeza pampu zilizokosekana kwenye jaribio, akaamuru ya kwanza isimame. Ikasimama ya kumi. Akaliondoa badiliko kwa mkono wake, akamfuata Abdulrahim. "Bwana, hata mimi siliingizi."

Abdulrahim hakuomba radhi. Alimwita mpwawe arudi kazini kwa salamu kavu, bila la ziada. Mwanamkuu akaingia, akamwamkia shikamoo kama ada, akavuta kiti, akafungua badiliko jingine lililokuwa likimngoja.

Akalisoma mpaka mwisho, na hilo nalo akalikataa.