Sauti ya Mjazo Katikati ya Wimbo wa Dada

Basi pale kona ya saluni kuna kibanda cha jamaa mmoja, mtaa mzima unamwita Mjazo. Kazi yake kujaza nyimbo kwenye simu za watu. Unampa simu, unakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, unapiga soga, ukiondoka una nyimbo mia mbili. Ukimuuliza wenye nyimbo wanapata nini, anacheka: "Wanapata jina."

Na ili vibanda vingine visimwibie (eti visimwibie!), kila wimbo anaubandika sauti yake katikati: "Kwa Mjazo hapa, kona ya saluni."

Sasa dada yake mkubwa aliwahi kuimba. Wimbo mmoja tu. Alimaliza likizo yake nzima studio, akauweka mtandaoni uuzwe. Mjazo akaudaunlodi bure, njia zake anazo, akaubandika ile sauti, akaugawa mtaani. Ule safi, usio na sauti yake, akaufuta apate nafasi.

"Mdogo wangu, si ungenunua hata wewe mmoja?"

"Dada, mimi nakutangaza. Kila mtu anakuimba."

"Wanakuimba wewe," dada akasema, akaendelea kukunja nguo.

Hakuimba tena. Wimbo akauondoa mtandaoni, akapata kazi mji wa mbali, kupika hospitalini, huu mwaka wa tano. Akipiga simu ni habari za zamu na miguu kuuma. Na Mjazo siku hizi anautaka ule wimbo mpaka anakosa raha. Anao, ndiyo, ila kila ukifika pale dada anaposhusha sauti taratibu, kuna jitu linabweka: "Kwa Mjazo hapa." Jitu lenyewe ni yeye.

Jumapili kaenda kumsalimia mama yao. Hajafika mlangoni, anasikia dada anaimba jikoni. Kumbe simu ya mama, imeegemezwa kwenye kopo la chumvi.

"Mama, huu umeutoa wapi?"

"Niliununua. Siku ile ile wimbo ulipotoka."

"Nirushie basi."

"Sikurushii. Vuta kigoda, kata vitunguu."

Akavuta. Mama akauanzisha upya. Ulipofika pale, hakuna aliyebweka. Dada akashusha sauti, akavuta pumzi, halafu akacheka kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu. Kile kicheko Mjazo alikuwa amekisahau kabisa. Kisu kikasimama.

"Rudia, mama."

"Kata kwanza."

Akakata, akarudishiwa wimbo. Akaomba tena, akakata tena. Mama alibaki na vitunguu vya wiki nzima.