Barua za Malengo za Mama Barua

Ukitaka kazi mtaa ule, kwanza ulipita kwa Mama Barua. Alikuwa na kompyuta moja, printa yenye kelele na kibanda cha hatua nne kwa nne. Ulikaa kwenye benchi ukaeleza shida yako, yeye akapiga chapa. Kiingereza chako kikiwa cha kuungaunga, hilo halikukuhusu tena.

Utaalamu wake ulikuwa kwenye malengo. Waajiri wanapenda mtu mwenye malengo, alisema, na Kiingereza hakikuruhusu kulenga ovyo ovyo. Ukiandika "aim", lazima ufuatishe "at". "Strive" ya kujitahidi inataka "for", na "look forward" ya kutazamia isipopewa "to" imekwama njiani. Aliyajua hayo kwa kamusi iliyochanika jalada na kwa miaka kumi na tisa ya kukodoa macho. Ukimbishia, alikuambia, "Haya, kaandike mwenyewe." Hakuna aliyethubutu.

Binti yake wa pekee alikuwa na cheti cha kuhudumia wagonjwa, na kilikaa kwenye bahasha mwaka wa nne sasa. Ndipo hospitali ikatangaza nafasi sita za wahudumu wa wodi, wasiofikisha miaka thelathini. Binti alibakiza wiki mbili atimize umri huo. Ama hapa, ama basi tena.

Barua yake ya maombi mama aliiandika siku mbili nzima. Binti akaisoma, akasema, "Mama, mbona kama ya yule mke wa fundi saa uliyemwandikia juzi?"

"Malengo ni malengo. Weka saini."

Wiki hiyohiyo alikuwa amewaandikia waombaji wengine thelathini na mmoja, hospitali ileile, nafasi zilezile. Jamani, mwanamke mwenye akili zake, na bado hakuona kitu.

Siku ya mwisho ya maombi, mchana, karani wa hospitali akampigia simu. Mama akaenda mbio. Karani, ambaye waliwahi kuwa majirani, akamwonyesha rundo mezani.

"Mama, bosi amezitupa zote hizi. Anasema mwombaji ni mmoja, majina ndiyo mengi. Amebakiza za walioandika wenyewe, hata waliokosea."

"Na ya mwanangu?"

"Nimeisoma nimtetee, sikupata hata neno la kuitofautisha na nyingine. Alete nyingine, kwa mkono wake. Tunafunga saa kumi."

Saa nane na nusu binti alikuwa amekaa mezani kwao na karatasi nyeupe. Mama alisimama dirishani, mikono kaifungia kwapani isije ikamsaliti.

"Andika tu unachokitaka, mwanangu. Hata kwa Kiswahili."

Binti aliandika tarehe na jina. Kalamu ikasimama. Dakika zikaenda, mama akihesabu mwendo wa kutoka pale hadi hospitali.

"Kwani unataka nini?" akauliza mwishowe.

"Sijui, Mama." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililouma. "Fomu ya sekondari uliniandikia wewe. Chuo uliniombea wewe. Hata mchumba, ulimjibu wewe. Mimi sijawahi kuulizwa."

Mama alifungua mdomo amwambie la kuandika. Maneno yakamjia yote, yamepangika vizuri, na hakuna hata moja lililokuwa la binti yake. Akaufunga. Walikaa hivyo, kila mmoja akiangalia karatasi, mpaka saa kumi ikapita.