Mwonja Chai Asiyesikia Harufu

Siku yangu ya kwanza katika hospitali moja ya Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya sabini, Mganga Mkuu alinionyesha mashine yenye kalamu nane. "Hii inaandika umeme wa ubongo," aliniambia. "Kazi yako ni kuisoma, si kuibishia." Nilijifunza kubandika vijisahani vya madini kichwani mwa mgonjwa na kufuata mawimbi kwenye karatasi. Kwa miaka mitatu fundi wa mashine ile nilikuwa mimi peke yangu, na nilipenda iwe hivyo.

Kisha akaletwa fundi wa pili, Sekela, binti wa Tukuyu, mdogo kwangu kwa miaka minane. Mganga Mkuu akawa anamwita yeye kwanza. Nikiitwa mimi, ni kubadilisha karatasi.

Mwaka uliofuata tulimpokea Mzee Mgaya, mwonja chai wa Mufindi, aliyeanguka kutoka kwenye lori akaumia kisogo. Alisema hasikii harufu tena. Msimamizi wake alidai anajifanya. Kwa kuwa harufu haionekani, Mganga Mkuu alitaka ubongo wenyewe ujibu: mzee afumbe macho, apulizwe harufu puani kwa mrija wa mpira, tuone kama mawimbi ya utulivu yatavunjika.

"Kaka, usitumie amonia," Sekela aliniambia. "Inachoma. Hata asiyesikia harufu atashtuka. Tumia kahawa, na hewa tupu ya kulinganishia."

Nilijua anasema kweli. Lakini kumtii yeye mbele ya wauguzi kulinishinda. Nikatumia amonia. Kalamu ziliruka, nami nikaandika: anasikia harufu.

"Mwanangu, nimesikia kuchomwa tu," mzee alisema. "Siku hizi hata ugali wa mke wangu nautafuna kama karatasi."

Nikaanza kumbandua vijisahani kichwani.

Msimamizi alipopata majibu yangu alitaka kumfukuza kwa udanganyifu. Sekela akaomba kurudia kipimo. Kahawa mara ishirini, hewa tupu mara ishirini, mawimbi hayakutofautiana. Mganga Mkuu alitandaza karatasi zote mezani.

"Nani alichagua amonia?"

"Mimi."

"Hukuonywa?"

Sekela alikuwa amesimama hapo hapo. Alitazama chini.

"Nilionywa," nikasema.

Mzee Mgaya alihamishiwa bohari, jina lake likiwa safi. Sekela alipelekwa masomoni. Mimi nilihamishiwa Iringa, jirani na kwetu Kalenga, na baada ya miaka michache Sekela akaja huko akiwa mkuu wa kitengo. Nilifanya kazi chini yake hadi nilipostaafu.

Vijana mnaonisikiliza, ningependa kuwaambia kwamba wivu uliisha. Haukuisha. Nilijifunza tu kuandika kile kalamu zilichoandika, hata kilipompa yeye sifa. Siku ya kuniaga alisimama akasema tangu afike Iringa hajawahi kurudia kipimo changu. Ya Mbeya hakuyagusa. Watu walipiga makofi, nami nilikaa pale nikimwonea wivu hata kwa moyo wake wa kusamehe.