Asubuhi Anaanika, Jioni Hawezi Kuanua

Ipo siku moja ya mavuno ya kahawa, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyopokea cheti changu cha ualimu. Sina mvi za kunipa haki ya kukuita mwanangu. Nakuita hivyo kwa sababu unajiandaa kwenda chuo, na mimi niliwahi kurudi kijijini kwetu Nyaishozi kutoka chuo nikiwa na kosa ambalo sipendi mtu mwingine alirudie.

Baba alikuwa ameshafariki. Nyumbani walikuwapo Mama, Bibi aliyemzaa Baba, na mdogo wangu Koku, mwenye umri wa miaka kumi. Kwa kuwa nilikuwa msomi wa kwanza katika nyumba ile, neno langu lilikubaliwa kabla sijalimaliza. Ni heshima tamu hiyo, na ilinilevya.

Mafua makali yenye homa yalikuwa yamepita katika kaya nzima. Sote tulipona. Koku naye alipona, akarudi shule, akaruka kamba na wenzake. Wiki chache baadaye likaanza jambo ambalo hatukulielewa. Asubuhi alibeba kapu la kahawa na kuianika kwenye mkeka huku akiimba. Jioni, tulipoitana kuanua, alikaa chini kando ya mkeka, mikono mapajani, kope zimelegea kama za mtu anayesinzia.

"Kaka, mikono imekwisha," alisema.

"Imekwenda wapi? Asubuhi si ilikuwepo?"

Watoto wa jirani walicheka, nami nikanogewa. "Malkia amechoka, jamani! Mleteeni kiti!" Jina hilo la Malkia likamfuata mpaka shuleni.

Chuoni nilikuwa nimesoma juu ya tabia za watoto, na niliitumia elimu hiyo vibaya. Nilimweleza Mama kwamba mtoto anayeiweza kazi saa mbili asubuhi, kisha akashindwa kazi ileile saa kumi na moja jioni, hana ugonjwa, ana hila. Mama aliniamini nusu. Nusu iliyobaki ilimfanya ampeleke Koku zahanati, mara mbili.

Walikwenda kama tunavyokwenda sote huku: kudamka alfajiri, kupanda bodaboda, kuwahi foleni. Hivyo Koku alifika mbele ya muuguzi akiwa amelala usiku kucha, mwili umepumzika. Alipimwa malaria, haikuonekana. Aliambiwa abane vidole vya muuguzi, akavibana mpaka muuguzi akatabasamu. Aliambiwa atembee, akatembea.

"Mzima huyu, Mama Koku. Mpe uji mzito."

Kwa alichokiona saa ile, muuguzi yule hakukosea. Mara ya pili niliwasindikiza. Muuguzi alipouliza, "Anasumbuliwa na nini?" nilijibu kabla Koku hajafungua kinywa: "Uvivu, dada." Tulicheka wawili. Koku alitazama sakafu.

Kisha ikaja jioni yenyewe. Wingu zito lilikuwa linapanda kutoka upande wa Rwanda, na kahawa yote ilikuwa nje. "Leo hukai," nilimwambia. Hakukaa. Alibeba kapu la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilimponyoka, kahawa ikamwagika mavumbini, nami nikampigia kelele. Aliomba maji. Nilimpa kikombe, akanywa, na maji yale yakamtokea puani. Alijaribu kuniambia kitu, lakini sauti ilipita puani pia, nyembamba, maneno yameshikana. Alikuwa ameinua kidevu chake kwa kiganja, maana kinywa kilikuwa hakifungi chenyewe.

Bibi alikuwa barazani akichambua maharage. Aliweka ungo chini, akaja. Kwa kawaida hakunisemesha ila kwa utani. Jioni ile alisema kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, taratibu, ili nisije nikajifanya sikusikia:

"Wewe mwalimu. Mwezi mzima naliona jicho la mtoto huyu likishuka pamoja na jua. Ugonjwa wenyewe unakuja jioni, nyinyi mnampeleka asubuhi. Mlikuwa mnakwenda kumwonyesha nani?"

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Nilisema. Ulikuwa unaongea."

Kahawa tuliiachia mvua. Tulipanda bodaboda, Koku katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. "Mwalimu, mshike kichwa," dereva alipaza sauti. "Kinaning'inia!" Nilikishika. Kilikuwa kizito kuliko kichwa cha mtoto wa miaka kumi.

Hospitalini tulimkuta daktari kijana ambaye hakuniuliza mimi chochote. Alimwuliza Koku. Alimwambia atazame dari bila kupepesa, na kope zikashuka zenyewe, polepole, moja ikitangulia. Kisha akamwambia ahesabu mpaka hamsini. Safari ilikuwa imempumzisha kidogo, kwa hiyo mpaka kumi sauti ilikuwa yake. Kwenye ishirini ilihamia puani. Baada ya thelathini niliona midomo tu.

Daktari alitueleza kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na virusi, wakati mwingine hukosea kumtambua adui. Inageuka na kushambulia mahali neva zinapoipa misuli amri. Misuli ikipumzika hupata nguvu, ikitumika huishiwa. Huenda mafua yale ndiyo yaliyouchokoza ugonjwa huo, hakuweza kuapa. "Na misuli ya kupumua," aliongeza, "ni misuli kama mingine." Tulipewa rufaa. Kwa siku kumi na tisa Koku alipumua kwa msaada wa mashine, na mimi niliyekuwa na jibu la kila jambo nilikaa kwenye benchi la ukumbini nikisubiri kuambiwa.

Yu hai. Sasa yuko sekondari, na vidonge vyake anavimeza kwa saa. Lakini daktari amemwagiza jambo moja juu ya yote: aseme mara tu anapohisi kuchoka. Hasemi. Nikimwuliza jioni, "Koku, umechoka?" hunijibu kwa adabu, "Hapana, kaka," huku kope moja imeshashuka. Mara mbili tumemkimbiza hospitali akiwa amekawia mno kutuambia. Nilimwomba radhi mbele ya Mama na Bibi, naye alinisamehe kwa moyo. Hata hivyo, kusamehe hakumrudishii mtu ujasiri wa kusema. Alijifunza kwamba kuchoka ni aibu, na mwalimu wa somo hilo nilikuwa mimi. Naogopa kwamba siku moja atanyamaza kwa adabu mpaka mwisho.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Mtoto aliyetoka kuugua akikuambia mwili umemwishia, mwamini kwanza, uchunguze baadaye. Mpeleke kwa daktari hospitalini, na ueleze ni saa ngapi hali humzidi. Akipaliwa na maji, sauti ikibadilika, au pumzi ikiwa fupi, usingoje kupambazuke. Na usimpe mtoto dhaifu jina la kuchekesha. Jina hilo utalisahau wewe. Yeye ataishi ndani yake.

Mungu akusindikize chuoni na akupe subira ya kumsikiliza mdogo mpaka amalize kusema. Akuepushe na elimu inayoziba masikio. Na watoto watakaowekwa mikononi mwako wasiogope kamwe kukuambia wanaumwa.