Siku Tatu za Ndama Uani Kwetu

Majani ya maharage yaliyokanyagwa yana harufu mbichi, kali kidogo, na hadi leo nikiisikia nageuza njia. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tumekimbia vita vya Kivu Kusini, tukaja kuishi Kashojwa, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Asubuhi moja tulikuta ng'ombe wa mfugaji mmoja wa upande wa Endiinzi wamelimaliza shamba letu. Ng'ombe wakubwa walitimua mbio, ndama mmoja mwekundu akabaki, na Papa akamfunga kamba uani. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: mnyama akila shamba lako unamshika na kumlisha vizuri mpaka mwenyewe aje na wazee waone uharibifu. Wakishapatana, anaondoka na mnyama wake.

Papa alituma mtu amwite mwenye ng'ombe. Siku ya kwanza hakuja, wala ya pili. Kazi ya kumkatia ndama majani ilikuwa yangu, na kwa siku hizo mbili nilimpenda kupita kiasi. Nilimpa jina, Furaha. Nilimkuna shingo hadi akafumba macho, nikamwomba Mungu ili mwenye ng'ombe asahau njia ya kwetu. Nilikuwa mtoto mchoyo, nakiri.

Siku ya tatu mwenye ng'ombe alikuja na askari wawili, akidai tumemwibia. Papa hakuwa na wasiwasi wowote, akawaonyesha shamba, mahali ng'ombe walipokula. "Afande, bazee bakuje kwanza baone fasi zilikula. Kiisha atabeba mutoto wa ngombe yake." Askari mmoja aliandika kidogo, kisha akaniinamia kwa upole kabisa.

"Wewe mtoto, hii ndama ni ya nani?"

"Ni yetu. Anaitwa Furaha."

"Nyinyi mlikuwa nataka kurudisha yeye?"

Papa alinitazama akitabasamu, akiamini kwamba mwanawe atasema kweli. Nami nikasema iliyokuwa moyoni mwangu: "Hapana, afande. Atabakia na sisi."

Papa alipelekwa Base Camp, kwenye ofisi kuu za makazi, kisha rumande Mbarara, kwa wizi wa mifugo. Alikaa miezi saba. Mama alizunguka maofisini akieleza desturi yetu, na kila alikokwenda aliambiwa kwamba maneno ya mtoto yameshaandikwa. Nilitaka nirudi kusema nilikosea; Mama akanikataza, akasema, "Wataona tumekufundisha uongo." Nilibanwa kila upande. Nikinyamaza, Papa yuko ndani. Nikisema, anazidi kuonekana mwizi. Nilikuwa nikijifungia chooni kulia, maana huko hakuna aliyeniuliza kitu. Mwishowe mashtaka yalifutwa, Papa akarudi amekonda, na hakunigusia maneno yangu yale hata siku moja.

Sasa naishi Mbarara, natafsiri maelezo ya wakimbizi wanapohojiwa. Najua kwamba kisheria kushika tu mali ya mtu si wizi. Lazima uwe na nia ya kumnyima mwenyewe mali hiyo daima. Papa amezeeka, na bado huwasimulia wajukuu jinsi alivyofungwa kwa uongo wa mfugaji. Mimi humwongezea chai. Sheria yenyewe imenisamehe, kwa kuwa mtoto wa miaka kumi hashtakiwi. Lakini ile nia waliyoiandika ilikuwepo kweli uani kwetu, na ilikuwa yangu.