Nilivyomtanguliza Mdogo Wangu

Mama alikufa kwa uvimbe wa titi, na kabla yake dada yake. Wote waliuficha chini ya kanga mpaka ukawa kidonda. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji chetu cha ujamaa huko Mgeta, na kila Alhamisi niliwahimiza akina mama: wahini hospitali, msione haya. Kwa maneno nilikuwa hodari.

Mganga wa zahanati aliyajua ya mama. Akaniambia, "Mwalimu, wewe na mdogo wako mkapimwe matiti kila mwaka. Ugonjwa huu unaweza kufuata ukoo."

Nikaitikia vizuri sana, kisha nikakaa miezi minane. Mara mvua, mara palizi, mara mkutano wa kijiji. Mdogo wangu ndiye aliyechoka. "Dada, Jumanne lori la kabichi linashuka mjini. Tunapanda."

Hospitalini Morogoro, muuguzi wa makamo alifungua mlango akauliza nani anaanza.

"Huyu," nikasema upesi. "Mimi ndiye mkubwa, nitasubiri."

Mdogo wangu alinitazama. "Kwenye chakula mbona huwa unaanza wewe?" Akaingia.

Alikaa sana. Alipotoka, vifungo vya blauzi vilikuwa vimepishana. "Wameona kitu," akasema. "Kadogo, kama njegere. Wanataka kukitoa."

Nikakaa sakafuni palepale. Yeye mgonjwa akaniinua mimi mzima, akanipeleka ndani mwenyewe kwa kunishika mkono. Muuguzi aliponigusa kwapani nikacheka kwa kutekenywa, kisha nikalia, na yule mama akaendelea kunipima kwa utulivu kama anakanda unga. Sikuwa na kitu.

Mdogo wangu alipelekwa Dar es Salaam, akakatwa titi moja. Alirudi amekonda, lakini msimu uliofuata alishika jembe. Kanisani watu walinipongeza kwa kumwokoa, nami nikazipokea pongezi zile bila kurekebisha neno.

Mpaka Alhamisi moja alipokuja darasani kwangu, akawasimulia akina mama yote, pamoja na habari ya chakula. Walicheka mpaka wakafuta machozi. Nilitamani kujificha nyuma ya ubao.

Mahubiri yangu ya miaka mitatu hayakuwa yamemshusha mjini hata mmoja. Wiki ile wanawake wanne walipanda lori la kabichi, na njiani wakagombana nani ataanza.